Je, wajua kwa nini seva, kompyuta kuu ya ofisi, hukataa kupanda (kuwaka na kuanza kazi) baada ya umeme kukatika, ilhali hakuna kilichoungua?

Umeme umekatika Jumamosi. UPS imehimili kidogo, ikazima, na jenereta haikuwashwa kwa kuwa hakuna mtu ofisini. Jumatatu umeme upo. Kitufe kinabonyezwa, feni zinanguruma, taa za mbele zinawaka, kisha kioo cheusi chenye mstari mmoja mweupe: hakuna diski ya kuanzia. Na seva yenyewe imefanya kazi miaka bila kuzimwa. Dar es Salaam nzima ina jibu moja: umeme umerudi kwa nguvu, umeunguza diski.

Jibu hilo lina mvuto kwa sababu friji na televisheni huungua kweli kwa namna hiyo. Ila kwenye seva, kitu cha kwanza kukutana na umeme wa ukutani ni pawa saplai. Ikiungua hiyo, feni hazizunguki. Mashine inayonguruma na kuandika kwenye kioo imeshapokea umeme wake vizuri. Halafu kama ina diski nne, zife zote kwa mpigo huku mazabodi, bodi kuu ya mashine, ikibaki salama? Diski moja iliyozunguka miaka mingi inaweza kugoma ikishapoa, hilo hutokea. Nne kwa pamoja, hapana.

Kosa hili lina gharama. Fundi aliyeshawishika kwamba diski zimekufa huunda mpangilio mpya wa RAID (mtindo wa kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) juu ya diski zilezile na kupandisha mfumo upya, na hapo ndipo faili za mishahara zinapopotea kweli.

Mshukiwa wa kukaguliwa mapema ni betri ya CR2032 iliyobanwa kwenye mazabodi: duara la milimita 20, unene milimita 3.2, volti 3. Ni ileile inayouzwa Kariakoo kwa ajili ya rimoti za magari. Kazi yake ni kuendesha saa ya ndani na, kwenye mashine nyingi za zamani, kushikilia mipangilio: diski ipi ianze, na kama diski zisomwe kwa mtindo wa RAID au moja moja. Mpango huu unatokana na kompyuta ya IBM PC/AT ya mwaka 1984.

Fikiria nyumba yenye bomba la maji na tanki juu ya paa. Bomba likitoa maji, tanki haliguswi. Linaweza kupasuka na kukauka, na wenye nyumba wakaoga, wakapika na kufua bila kujua lolote. Watajua siku bomba likikauka. Seva iliyochomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, huilisha saa yake kwa umeme mdogo wa akiba kutoka pawa saplai, na betri hukaa tu. Inaweza kufa mwaka huu na isigundulike mpaka umeme ukatike kabisa. Hapo, kwenye mashine hizo za zamani, mipangilio hufutika na seva haijui tena diski ya kuanzia.

Ikiwa peke yake, betri mpya hudumu miaka kadhaa, maana saa hunyonya takriban sehemu tano tu kati ya milioni moja za ampia. Joto huiharakisha kuisha, na vyumba vya seva vinavyozimiwa kiyoyozi wikiendi havisaidii. Seva za mtumba nazo zimeshamaliza sehemu ya betri zikiwa ghalani na kwenye makontena, kabla hata hazijafika bandarini.

Uchunguzi ni mwepesi. Ingia kwenye ukurasa wa mipangilio, soma tarehe. Ikiwa ni 1 Januari ya mwaka ambao seva hiyo haikuwa hata imetengenezwa, chomoa nyaya za umeme, toa betri, ipime kwa mita. Nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7 hivi, weka mpya. Betri mpya hairudishi mipangilio: tarehe, mtindo wa diski na mpangilio wa kuanzia vyote huwekwa kwa mkono, kwa hiyo picha ya kurasa hizo iliyopigwa kwa simu seva ikiwa nzima ina thamani kubwa.

Seva mpya nyingi huhifadhi mipangilio kwenye chipu isiyohitaji betri, hivyo hupoteza saa tu na hupanda kama kawaida. Vituko huanza baadaye. Mtandao wa ofisi unaotumia Kerberos, mfumo wa kuthibitisha anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya saa ya dakika 5, zaidi ya hapo hukataa. Mhasibu anaandika nywila yake sahihi, anakataliwa, na anaanza kumshuku mtu wa IT kwamba ameibadilisha.