Nusu kidonge cha Kibua

Simu iliingia baada ya Isha. Mtoto wa kike, anahema: "Dokta, paka wetu Kibua amevimba uso!" Nyuma yake watu wazima wanabishana. Mmoja anasema kaumwa na nyuki, mwengine anasema ni jicho la hasidi. Nikauliza swali moja: mumempa dawa gani? Kimya. Kisha bibi mwenye nyumba akaichukua simu mwenyewe. "Mwanangu, tangu jana hali, mwili unamchemka. Asubuhi nimempa nusu ya Panadol, nimeisaga kwenye maziwa."

Nikavaa viatu, na njia nzima mpaka Kikwajuni nilikuwa najua nitakachokikuta.

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Unguja. Kazi inayonilisha ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Kazi inayonikesha ni paka. Na nikihesabu paka waliokufa mikononi mwangu, waliouliwa na watu wabaya ni wachache sana. Wengi wamekufa kwa kupendwa na watu wasiojua kuwa mwili wa paka haufanyi kazi kama wa mjukuu wao.

Kwetu paka hanunuliwi, anaingia tu. Kibua aliingia siku muuza samaki alipopiga honi yake ya baiskeli pale nje na watoto wakatoka na sinia kununua fungu la vibua. Kabla sinia halijafika jikoni, kipaka kisichojulikana kimetoka wapi kikanyakua samaki mkubwa kuliko kichwa chake na kumburura mpaka chini ya kitanda. Bibi alishika ufagio, akainama kuchungulia, akaona macho mawili na mkia wa kibua, akacheka mpaka akakaa chini. "Basi tena," akasema, "paka wa nyumba haingwa." Uraia ukapatikana hapo.

Miaka minne baadaye alikuwa anaitambua honi ya yule muuza samaki. Wakipita wengine watatu usingizi wake haukatiki. Akija wake, yuko mlangoni kabla ya mtu yeyote. Sisi masikio yetu yanaishia kwenye mawimbi ya sauti elfu 20 kwa sekunde, ya paka yanavuka elfu 60, basi honi mbili zinazofanana kwako kwake huenda ni watu wawili tofauti. Na kwa kuwa Mtume amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani, Kibua alikuwa akilala juu ya mswala, na bibi akisujudu pembeni kidogo ili asimuamshe. Mumewe wakati wa uhai wake, aliniambia, hakuwahi kupata heshima hiyo.

Sasa nirudi kwenye ile nusu ya kidonge.

Panadol, yaani parasetamoli, ni dawa nzuri kwa binadamu. Ikishafanya kazi, ini lako huibandika kitu cha jamii ya sukari, ikawa nyepesi kutoka kwa mkojo, mambo yakaisha. Ini la paka kimeng'enya cha kufanya kazi hiyo linacho kidogo mno. Dawa ikikosa mlango wa kutokea inapita njia nyengine, na huko inageuka sumu inayoshambulia chembe nyekundu za damu. Ile hemoglobini inayobeba hewa inabadilika ikawa methemoglobini, ambayo haibebi kitu. Paka anavuta pumzi, mapafu mazima, lakini damu inazunguka tupu. Uso unavimba, miguu ya mbele inavimba, na ukifunua mdomo unakuta ufizi uliokuwa wa waridi umekuwa kama masalia ya kahawa chini ya kikombe.

Ndivyo nilivyoukuta wa Kibua. Nilimpima: kilo 3.8. Kidonge kimoja ni miligramu 500, nusu ni 250, kwa hiyo alipewa zaidi ya miligramu 65 kwa kila kilo ya mwili wake. Paka anaweza kuanza kudhurika kwenye kumi. Dawa ya kuizimua ipo, inaitwa asetilsisteini, ni ile ile wanayopewa watu waliomeza parasetamoli kupita kiasi, lakini raha yake ipewe ndani ya saa chache. Yeye alipewa kidonge asubuhi na mimi niliingia usiku. Nilifanya nilichoweza. Alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri, kichwa kiko kwenye kanga ya bibi.

Kuna jambo sikulisema usiku ule. Nilipokuwa nampapasa nilikuta jipu dogo kwenye paja, chini ya manyoya, na matundu mawili ya meno. Alipigana na shume. Ndiyo maana alikuwa hali. Jipu kama lile napasua, nasafisha, namchoma sindano ya antibayotiki, na keshokutwa anaiba tena samaki.

Na ile "homa"? Ninyi mnaosoma hapa, hili lishikeni. Paka mzima joto lake ni kati ya nyuzi 38 na 39 na kidogo. Mkono wako una chini ya 37. Kila paka mwenye afya utakayemgusa utamhisi anachemka, na akiwa ametoka kuota jua ukutani ndiyo kabisa. Homa ya paka haijulikani kwa kiganja. Inapimwa kwa kipimajoto, huko nyuma, na aliyewahi kujaribu bila ya msaidizi anazo alama mkononi mpaka leo.

Ibuprofeni na diklofenaki, dawa nyengine za maumivu, vivyo hivyo, kaeni navyo mbali. Baadhi ya dawa za kupe za ng'ombe na mbwa zina pamethrini au dawa za jamii yake, nazo humtetemesha paka mpaka kufa. Mtu anampaka kwa nia njema kabisa, shingoni, kwa kitambaa. Kama paka hajala siku nzima, angalia ufizi wake, angalia kama anakojoa, mpapase mwili mzima, kisha nipigie. Dume anayechutama tena na tena kwenye mchanga na kutoa tone au asitoe kitu, usingoje asubuhi. Njia ya mkojo imeziba, na siku mbili tu zinatosha kumuua. Watu hudhani amefunga choo wakampa mafuta ya nazi.

Lakini kesi ya kwetu hasa, ambayo wenzetu wa bara pengine hawaipati sana, ni ya mshipi wa kuvulia. Mvuvi mmoja wa Kizimkazi alikuja na paka wake ndani ya ndoo, kifuniko kimetobolewa. Paka alikula chambo kikiwa bado kwenye ndoana. Mshipi ulikuwa unaning'inia mdomoni, kiasi cha shubiri moja. Yule bwana alikuwa ameshauvuta mara mbili, kwa ujuzi wake wote, na samaki wa kutosha amewatoa maishani mwake.

Nilimuomba anitazame kamba ya suruali yangu. Ukiifunga upande mmoja ukavuta, nguo yote hujikunja. Utumbo wa paka ndivyo ulivyo. Ndoana imeshika juu, mshipi umeteremka chini, utumbo unajaribu kuusukuma, unashindwa, unajipanda wenyewe juu ya ule uzi mpaka unakatika kwa ndani kama mche wa sabuni unavyokatwa na uzi wa nailoni, na nadhani mfano wa sabuni ni mbaya lakini ndio ulionijia. Ukivuta wewe kutoka nje unaikamilisha kazi. Uache kama ulivyo, mshike asiukanyage wala kuutafuna, mlete. Wake ndoana ilikuwa imeshika chini ya ulimi, Mungu amemkadiria. Nilimlaza kwa sindano, nikaitoa, na mvuvi akakaa nje ya mlango muda wote akisema hana wasiwasi, ni paka tu. Alisema "ni paka tu" mara nne.

Mbwa ni habari nyengine, na kwetu wengi hawasemi wanamfuga. Wanasema yuko tu, analinda shamba. Madhehebu yetu ya Shafi yanataka chombo alicholamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo, basi anakaa nje. Hata hivyo anajulikana kwa jina, na makombo anawekewa kwenye kifuu. Kisa cha Pemba ndicho ninachokitaja kila nikiulizwa kwa nini chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka. Kisiwa kizima kilichanja mbwa, na kufikia Mei 2014 maambukizi yote yaliyokuwa yakizunguka yalikuwa yamekatika. Watu wakapumua, chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 ugonjwa ukaingizwa tena, mara mbili, kutoka nje. Ikabidi kuanza upya, kijiji kwa kijiji, mpaka Oktoba 2018 ukakatika tena. Mbwa ni wale wale, mapenzi ni yale yale. Na ukiumwa, na mbwa au na paka, maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Ndimu na pilipili viacheni jikoni.

Nimeulizwa pia niandike juu ya mbuzi wa Idd, yule anayeletwa wiki tatu kabla, watoto wakampa jina na kumlisha maganda ya ndizi kwa mkono. Hilo sina dawa yake. Ushauri wangu ni mnunue siku mbili kabla.

Bibi wa Kikwajuni aliniuliza, asubuhi ile, huku tumekaa uwani: "Niambie kweli. Mimi ndiye niliyemuua?" Sikutaka kumdanganya, na mtu wa umri wake anajua ukimdanganya. Nikamwambia: "Dawa ndiyo iliyomuua, bibi, na wewe ulimpa unachowapa wajukuu wako." Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni mimi." Nikasema ndiyo. Akanishika mkono, akasema ahsante, na mpaka leo sijui kama nilifanya vyema.

Walimzika chini ya mkomamanga, ndani ya ile kanga. Mtoto hakwenda skuli siku mbili. Mama yake akaniomba nimwambie ni deko tu, mtoto mkubwa hamlilii paka. Nilikataa. Alikuwa amelala naye tangu ana miaka mitano. Nikasema muacheni alie, na jioni mumwambie awapeleke kwenye kaburi, awaonyeshe. Walikwenda wote. Nimesikia hata baba alikwenda.

Ilipita kama miezi mitatu. Nilikuwa napima dawa za minyoo ya mbuzi, bibi akapiga hodi. Amebeba pakacha, na pakacha linalia. Hakusalimu vizuri, alikuwa kama mtu anayekwenda kukopa.

"Dokta, huyu akipata homa nimpe nini?"

"Usimpe kitu, bibi. Nipigie."

"Hata usiku?"

"Hata usiku."

Nikamtoa kwenye makuti, akanikwaruza kidole gumba. Nikamuweka kwenye mizani, nikaandika daftarini: jike, gramu 640, jina bado.