Anayemtafsiria mama, yeye anamwambia nani?

Kijana wa miaka 13 ameketi kati ya mama yake na daktari. Daktari anasema, yeye anatafsiri. Habari ya uvimbe inapotajwa anasita, anameza mate, kisha anamwambia mama: "Amesema utapona." Daktari hakusema hivyo.

Jambo la namna hii ni la kawaida katika familia za wahamiaji, kwa kuwa watoto huishika lugha mpya upesi kuliko wazazi. Watu wazima humsifu: mwerevu huyu, amekomaa. Sisi wa ushauri nasaha sifa hizo hututia wasiwasi kidogo. Kutafsiri kwenyewe si kubaya. Anayemsomea baba barua ya shule mara nyingi hujiona wa maana nyumbani. Taabu huanza anapobebeshwa ugonjwa, deni au kesi ya ukaazi, halafu hana wa kumtua. Mama ndiye anayefichwa habari, na rafiki wa kushibana naye alibaki walikotoka.

Mwaka 1985 wanasaikolojia wa Marekani, Sheldon Cohen na Thomas Wills, walipitia tafiti nyingi kuhusu msaada wa kijamii. Waliona kwamba makali ya shida hupungua kwa mtu anayeamini yupo wa kumkimbilia, tena kwa msaada unaolingana na haja yake. Neno la kushika hapo ni kuamini. Nyumba inaweza kujaa ndugu na kijana bado akajiona mpweke. Ndiyo maana hojaji ya mwanasaikolojia Gregory Zimet na wenzake ya mwaka 1988, yenye vipengele 12 tu, haihesabu jamaa wala marafiki. Humuuliza mtu anavyouona msaada wa familia, wa marafiki na wa yule mmoja aliye karibu naye zaidi.

Wazazi wengine huacha kusema lugha yao nyumbani ili mtoto "asichanganyikiwe". Nawasihi wasifanye hivyo. Utafiti wa mwanasaikolojia John Berry na wenzake kuhusu vijana wa familia za wahamiaji katika nchi 13, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa vijana walioshika utamaduni wa kwao huku wakishiriki wa nchi mpya walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao, na waliokuwa njia panda, wasiojua washike upi, ndio waliotaabika. Kubaguliwa nako kulikwenda sambamba na hali mbaya ya nafsi. Hilo mzazi hawezi kulimaliza peke yake. Shule ina sehemu yake.

Kijana mwenye msongo si lazima alie. Huumwa kichwa au tumbo bila ugonjwa kuonekana, hukosa usingizi, hufoka kwa jambo dogo, huacha mchezo alioupenda. Ukimuuliza "Vipi, uko sawa?" atajibu "Niko sawa," na mazungumzo yameishia hapo. Muulize kitu mahususi: leo umekula na nani shuleni? Ile habari ya daktari uliipokeaje? Kisha nyamaza, umpe nafasi.

Akitamka kwamba anataka kufa, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Usimwache peke yake, mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Na huko omba mkalimani mtu mzima. Asiwe yeye, wala mdogo wake.