Majibu ya Mgonjwa: Nani Aambiwe Kwanza?

Ombi linalowatatiza madaktari wengi wa Nyanda za Juu Kusini hutolewa kwenye korido, nje ya wodi. Mtoto mkubwa wa mgonjwa humvuta daktari pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini: "Daktari, majibu tupe sisi, mzee usimwambie."

Tuchukue mfano wa mkulima wa ndizi kutoka Rungwe ambaye kwa miezi kadhaa chakula kigumu kimekuwa kikimkwama, amebaki kunywa uji, na kipimo cha endoskopia, yaani kamera ndogo inayopitishwa kooni, kimeonyesha saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ugonjwa unaoonekana sana katika ukanda huu wa Afrika Mashariki. Watoto wanahofu kwamba akilisikia neno saratani atakata tamaa na kuacha hata huo uji. Hofu yao haifai kubezwa, kwani ndio watakaomuuguza na ndio wanaochangishana fedha za matibabu.

Madaktari wenyewe hawana kauli moja. Wapo wanaoamini kwamba kwetu mgonjwa ni wa ukoo mzima, na kumpa habari nzito akiwa peke yake ni ukatili. Wengine wanashikilia kwamba mwili ni wake, hivyo wa kwanza kuambiwa ni yeye. Mimi niko upande wa hawa wa pili. Fomu ya ridhaa inayosainiwa kabla ya upasuaji haina maana ikiwa mwenye kusaini hajui anapasuliwa kwa ajili ya nini. Tena siri yenyewe haidumu: mzee huyo akiandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, jina la taasisi linatosha kumweleza kila kitu, na papo hapo atajua pia kwamba wanawe na daktari walimficha.

Hata hivyo, haki ya kujua haimlazimishi mtu kusikiliza asichotaka. Ndiyo maana napendekeza daktari aanze kwa kuuliza: "Shikamoo mzee. Majibu ya kipimo yametoka. Ungependa nikueleze wewe mwenyewe, au yupo mtoto ungependa akae nasi?" Mzee akijibu, "Mweleze mwanangu, ninayoyajua yananitosha," huo ni uamuzi wake halali, nao uandikwe kwenye faili. Kisichokubalika ni wengine kumwamulia bila yeye kuulizwa.

Yapo mambo ambayo sheria imekwisha kuyaamua. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kukataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, lakini hawezi kumkatalia mwanawe, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matibabu kwa misingi ya imani.

Suala la VVU ni gumu zaidi, na kwetu si la pembeni: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima mkoani Njombe kuwa asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu, na wakati huohuo inamtaka mwenye maambukizi amjulishe mwenza wake mara moja. Daktari anayemtibu mume, huku mke akiwa mjamzito na hajui lolote, hubanwa na matakwa hayo mawili. Wengi wetu hutumia kwanza ushauri nasaha, tukimwomba mume amlete mkewe wapime pamoja, kwa sababu taarifa inayotoka kwa mume mwenyewe, mshauri akiwepo, mara nyingi haileti vurugu kama ile inayotoka kwingine.

Kuhusu mgonjwa asiyetarajiwa kupona nitasema machache. Kusitisha tiba isiyosaidia tena si sawa na kumuua, na matibabu ya maumivu huendelea. Mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu ambayo baadhi ya ndugu huikataa wakidhani inaharakisha kifo, ikitolewa kwa kipimo sahihi humwezesha mgonjwa kulala na kuzungumza na watu wake.

Familia inayotofautiana na daktari, au yenye mvutano wa ndani, imwombe muuguzi kiongozi wa wodi aitishe kikao na daktari pamoja na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Mgonjwa naye, kama hali inaruhusu, awepo kwenye kikao hicho, na siku ya kulazwa ataje mtu mmoja ambaye anaridhia apewe taarifa zake.