Aliyelelewa vizuri naye husaini hati mbovu

Mimi ni mkaguzi wa ndani, na kila ninapofundisha maadili ya kazi huulizwa kama wizi ofisini unatokana na malezi mabaya. Wengi husubiri niseme ndiyo. Siwezi, kwa sababu majina ninayoyakuta kwenye mafaili mara nyingi ni ya watu waliolelewa vizuri sana.

Chukua hati ya malipo. Chini kabisa kuna nafasi tatu za saini: aliyeandaa, aliyehakiki, aliyeidhinisha. Mkuu anamwita mhasibu kijana, anamsogezea karatasi: "Saini hapa, risiti zitakuja kesho." Kijana amefunzwa tangu utotoni kutobishana na mkubwa, kutomsahau aliyemfadhili, na kusema kweli. Mafundisho hayo matatu yameishi pamoja kwa amani miaka yote. Sasa yamegongana, kalamu iko mkononi, na anayesubiri ndiye aliyempa kazi. Akisaini, bado ana maadili; ametii mawili na kulivunja la tatu, tena pengine bila kutambua kwamba alikuwa anachagua.

Hili linanigusa kwa sababu heshima na shukrani ni tunu nilizolelewa nazo na ninazipenda. Lakini anayetaka kupitisha malipo hewa anazijua pia, na huzitumia.

Utafiti unaniunga mkono. Mwaka 1928 Hugh Hartshorne na Mark May walichapisha matokeo ya kuwapima maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani: aliyeibia kwenye mtihani hakuwa lazima adanganye mahali pengine. Uaminifu ulibadilika kulingana na mazingira kuliko walivyotarajia wengi. Mwaka 1963 mwanasaikolojia Stanley Milgram alionyesha kuwa watu 26 kati ya 40, raia wa kawaida kabisa, waliendelea kubonyeza swichi hadi ile ya volti 450, wakiamini wanampiga mtu shoti, kwa kuwa tu msimamizi aliwaambia waendelee.

Mtafiti wa uhalifu Donald Cressey ndiye ninayemrejea zaidi. Aliwahoji wafungwa waliotapanya fedha walizokabidhiwa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1953. Wengi walikuwa wamejiambia kwamba wanakopa tu, watarudisha. Tazama jinsi sentensi hiyo inavyomwachia mtu heshima yake. Kukopa si dhambi kwa aliyelelewa vizuri, kwa hiyo dhamiri inatulizwa na neno ambalo haina ugomvi nalo.

Basi malezi yana kazi gani? Yanakupa ule mchomo wa moyoni kabla ya kusaini, na hilo ni kubwa. Asiyekuwa nao sina namna ya kumfundisha. Ila mchomo hauna maneno. Kwa hiyo katika mafunzo nawafanyisha watu mazoezi ya kutamka: "Mkuu, nakuheshimu. Nitasaini nikishaziona risiti." Mara ya kwanza sauti hutetemeka, hata ukumbini ambako hakuna cha kupoteza. Tunarudia mpaka itoke kwa utulivu na adabu.

Wakuu wa idara nao nawaweka kwenye kiti cha mhasibu, mbele yao mtu anayecheza nafasi ya yule atakayeandika tathmini yao ya mwaka. Wengi husaini.