Farasi aliyeokolewa: dhana potofu na ukweli wake

Farasi aliyekondeana akishashushwa kwenye lori na kuingizwa kituo cha hifadhi, watu hupumua. Ametolewa alikoteswa, basi kilichobaki ni ale na apumzike. Lakini siku kumi zinazofuata ndizo zenye hatari kuliko zote, na mambo mengi yanayomuua farasi katika siku hizo hufanywa na watu wenye huruma ya kweli.

Dhana: Ana njaa, mpe ashibe

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Farasi aliyekaa na njaa kwa wiki nyingi mwili wake umeshamaliza mafuta na kuanza kula misuli. Akiba ya fosforasi, magnesiamu na potasiamu imepungua sana, hata kama vipimo vya damu vya siku ya kwanza vinaonekana sawa. Mwekee ndoo ya mahindi au oti uone: wanga unageuka sukari, kongosho linatoa insulini, na insulini inaingiza sukari kwenye seli pamoja na madini machache yaliyokuwa kwenye damu. Madini yanaporomoka ghafla. Moyo unapiga ovyo, pumzi inashindwa, figo zinasimama. Mara nyingi hutokea kati ya siku ya tatu na ya tano, wakati wahudumu wameanza kufurahi kwamba mgonjwa ana hamu ya kula.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha vyakula mbalimbali kwa farasi waliokuwa wamekonda kwa njaa, na kilichofaa zaidi kilikuwa alfaalfa (lusini, majani ya malisho ya jamii ya kunde) iliyokaushwa, kwa sababu ina protini nyingi, wanga kidogo, na ina fosforasi na magnesiamu ya kutosha. Ratiba yao, kwa farasi mzima wa kimo cha kawaida, ni hii: siku tatu za kwanza mpe kama gramu 450 kila baada ya saa nne, usiku na mchana. Ni milo sita, jumla haifiki kilo tatu. Kuanzia siku ya nne ongeza kiasi polepole huku ukipunguza idadi ya milo, hadi ifikapo siku ya sita awe anapata kama kilo mbili kila baada ya saa nane. Baada ya siku ya kumi ndipo anaweza kuachiwa ale kadiri anavyotaka. Nafaka hapewi kabisa katika kipindi chote hicho. Maji safi na jiwe la chumvi viwepo muda wote.

Pima kwa mizani ya kuning'iniza, usikadirie kwa mkono. Na mlo unaoharibu kazi ni ule wa saa nane za usiku: mhudumu anapitiwa na usingizi, asubuhi anaona haya, anampa milo miwili kwa mpigo. Mlo ukipita umepita. Mpe unaofuata kwa kiasi kilekile.

Dhana: Mbavu zikifichika, amepona

Mbavu peke yake hudanganya, hasa kwa farasi mwenye manyoya marefu. Kipimo cha unene kinachotumika duniani ni cha mtafiti Henneke, cha mwaka 1983, chenye alama 1 hadi 9. Huangaliwa sehemu sita: shingo, kigongo cha mabega, nyuma ya bega, mbavu, mgongo na shina la mkia. Tano ndiyo hali nzuri. Moja ni mifupa mitupu. Papasa kwa vidole, usitazame tu, na mtu awe yuleyule kila wiki.

Uzito nao hukadiriwa kwa utepe wa fundi cherehani: zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, kisha gawa kwa 11,880. Vipimo viwe kwa sentimita, jibu litakuwa kilo. Kifua cha sentimita 170 na urefu wa 150 ni kama kilo 365.

Dhana: Dawa ya minyoo kwanza

Farasi aliyetelekezwa karibu kila mara ana minyoo mingi, na ndiyo maana kuiua yote siku moja ni hatari. Minyoo iliyokufa kwa wingi huziba utumbo au kuuchubua ukavimba, na farasi hawezi kutapika. Kwanza daktari wa mifugo ahesabu mayai kwenye kinyesi, asubiri mgonjwa apate nguvu, ndipo achague dawa na kipimo.

Dhana: Mwachie malisho ya kijani

Nyasi changa za baada ya mvua zina sukari nyingi. Kwa farasi ambaye tumbo lake limezoea chakula kikavu, huleta msokoto wa tumbo au laminaitisi, yaani uvimbe wa tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya kwato. Mfupa unaweza kugeuka na kushuka kuelekea unyayo. Anza na dakika 15, akiwa ameshakula nyasi kavu, na uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu.

Dhana: Ni mnyama wa kuzaliwa nje, alale nje

Kwingine ni kweli. Kwa Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara, kulala nje kunaweza kumuua. Kuna ugonjwa wa virusi uitwao homa ya farasi ya Afrika, unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo sana wanaonyonya damu, wanaouma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Katika aina yake inayoshambulia mapafu, wengi wa wanaougua hufa, povu likiwatoka puani. Katika aina nyingine, dalili ya kuangalia ni vishimo vilivyo juu ya macho: badala ya kubonyea vinajaa na kutuna. Pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonyesha ugonjwa, kwa hiyo kituo kilicho karibu na mbuga kisijidanganye kwamba hakuna farasi mgonjwa jirani.

Waingize bandani kabla jua halijazama, watoke likiwa limeshachomoza. Chandarua cha kawaida hakitoshi kwa sababu kisubi hupenya matundu yake. Kiwe cha matundu madogo sana au kilichotiwa dawa. Chanjo ipo, lakini huwa ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo farasi aliyedhoofu hachanjwi mpaka daktari aseme.

Dhana: Farasi hulala wima, hahitaji mwenzake

Husinzia wima, ndiyo. Usingizi mzito wa ndoto anaupata akiwa amelala chini, na anauhitaji kwa muda mfupi kila siku. Hatalala chini kama anaogopa, ana maumivu ya viungo, au hana mwenzake wa kulinda. Angalia mbele ya vifundo vya miguu ya mbele: makovu yaliyorudiwa pale mara nyingi ni ya farasi anayeishiwa usingizi akianguka magoti. Hata akiwa karantini wiki tatu za mwanzo, awekwe mahali anapowaona farasi wengine bila kugusana nao.

Dhana: Amestaafu, hana gharama tena

Kwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, akifanya kazi asifanye. Hukatwa kila wiki sita hadi nane. Zile zilizokua hadi kujikunja hazirekebishwi siku moja: hupunguzwa kwa awamu ili mishipa ya mguu izoee.

Meno nayo hutoka maisha yote na kuacha ncha kali zinazokata shavu. Ukikuta vidonge vya nyasi zilizotafunwa nusu vimelala chini ya hori, usilaumu uzee. Mdomo unaumwa, na daktari atasugua ncha hizo kwa tupa.

Dhana: Kumuua ni kumsaliti

Dorothy Brooke alifika Cairo mwaka 1930 akakuta farasi waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza bado wanavuta mizigo, wazee na wenye vidonda. Kwa michango aliyoiomba kupitia gazeti alinunua wapatao 5,000, na wengi wao aliwanunua ili wafe bila maumivu, kwa kuwa walikuwa wamefikia mwisho. Mwaka 1934 alifungua hospitali kwa ajili ya wale walioweza kutibika.

Ndivyo inavyopasa hadi leo. Farasi aliyepoteza karibu nusu ya uzito wake ana nafasi ndogo ya kupona, na aliyelala chini zaidi ya saa 72 bila kuweza kusimama nafasi yake ni ndogo zaidi. Kituo kiandike mapema, kwa kushauriana na daktari, vigezo vya kufikia uamuzi huo, ili usiku wa manane mhudumu aliye peke yake na mnyama anayeteseka ajue ni lini apige simu.