Malkia wa Sheba hayumo: yanayosemwa na yaliyochongwa kwenye mahekalu ya Saba

Marib, Yemen, zimesimama nguzo tano ndefu na ya sita iliyovunjika. Wenyeji hupaita Arsh Bilqis, kiti cha enzi cha Bilqis, jina ambalo Waarabu humpa Malkia wa Sheba. Karibu na hapo kuna Mahram Bilqis. Basi kila picha ya herufi zilizochongwa kwenye kuta zile huzungushwa mtandaoni ikidaiwa kuwa ni maneno ya Malkia wa Sheba.

Siyo. Yote mawili yalikuwa mahekalu ya mungu Almaqah: la kwanza liliitwa Barran, la pili Awam, na jina la Bilqis halijaonekana kwenye jiwe lolote. Anayejitaja kwenye ukuta wa Awam ni Yada'il Dharih, mtawala wa Saba (ufalme, ndio Sheba, si namba) wa karne ya 7 KK hivi. Anataja jina lake, la baba yake, na kwamba ukuta ule kaujenga yeye.

Wengine husema: "Ni Kiarabu cha kale." Hapa tunanaswa wengi. Kwenye mawe hayo BN ni mwana, BYT ni nyumba. Aliyezoea "bin" na "beti" za shairi anajiona keshafika. Lakini Kisaba, lugha ya mawe haya, ni lugha nyingine. Kiarabu hutanguliza al-. Kisaba hubandika N mwishoni: SLM ni sanamu, SLMN ni sanamu ile inayozungumziwa. Wala hati yenyewe, musnad, yenye konsonanti 29, haikuzaa alifu na be. Hizo zilitoka kwa Wanabatea wa kaskazini. Uzao wa musnad uko Ethiopia, kwenye herufi za Kige'ez, lugha ya kale ya huko, ambazo leo huandikia Kiamhara na Kitigrinya. Kule Yeha, Tigray, hekalu la enzi hizo bado limesimama.

Wengine: "Ni dua tu." Ukifika hekalu la Sirwah, magharibi mwa Marib, utakuta jiwe la karibu mita 7 ambalo Karib'il Watar, mtawala mwingine wa Saba, amejaza vita vyake: kwenye ufalme wa Awsan peke yake anadai aliua watu 16,000 na kuteka 40,000. Dua gani hiyo? Awam nako kumejaa mawe ya nadhiri. Mtu karudi salama vitani, au anaomba mavuno na watoto wa kiume, anamtolea Almaqah sanamu ya shaba. Juu ya jiwe utaona vishimo vilivyoshika nyayo za sanamu. Shaba imekwenda, maneno yamebaki. Na huko Haram, eneo la Jawf, watu walichongesha hata aibu zao: mmoja anaungama kwamba aliingia mahali patakatifu bila kujitwaharisha.

Wanaodhani Wasaba waliandika mawe tu, wajue kuna vijiti vya makuti ya mtende vyenye barua na mikataba, kwa mwandiko wa haraka.

Na wengine: "Waliabudu miungu mingi mpaka Uislamu ulipofika." Kuanzia mwaka 380 BK hivi, maandishi ya wafalme wa Himyar, ufalme ulioimeza Saba, yanaiacha miungu ya zamani na kumtaja mmoja: Rahmanan, Mwingi wa Rehema, na ile N ya Kisaba ingali mwishoni.