Je, wajua kwa nini madaktari wa meno hawakubaliani kuhusu pengo?

Shangazi yangu anauza mitumba Kibuye, hapa Kisumu. Mahindi ya kuchoma huyatafuna upande wa kushoto tu, maana kulia aling'olewa magego mawili ya chini. Majuzi aliona madaktari wawili. Wa kwanza alimwambia avae meno bandia ya kuvua usiku. Wa pili akataka kumpandikizia meno yenye skrubu za titani zinazozamishwa kwenye mfupa wa taya. Akaja kwangu: "Mwanangu, nani kati yao ananidanganya?"

Hakuna. Mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya majaribio ya tiba na kuyapima ubora, ulichunguza njia za kuziba mapengo kwa watu wenye meno kadhaa yaliyobaki. Majaribio yaliyofaa yalikuwa 21, dunia nzima! Nayo hayakutosha kusema njia ipi inazishinda nyingine.

Ugumu wenyewe unaeleweka. Jaribio zuri huwagawa wagonjwa kwa kura, lakini mtu aliyekuja na hela za kupandikizwa hatakubali kwa urahisi kura imwangukie meno ya kuvua. Halafu hakuna kuficha. Dawa unaweza kuilinganisha na kidonge kisicho na kitu, mgonjwa asijue kameza kipi, lakini meno unayoyaweka kwenye gilasi kila usiku utayaitaje? Akisema anatafuna vizuri, hujui ni meno yanayosema au ni matumaini yake.

Kosa linalonishangaza zaidi ni la kuhesabu. Mtu mmoja amepandikizwa meno manne, mtafiti anaandika kesi nne. Lakini hayo manne yanakaa kinywa kimoja: mate yale yale, sigara zile zile, mswaki ule ule unaosahaulika. Ni kama kuonja vijiko vinne vya mchuzi wa ngege kutoka sufuria moja, kisha utangaze umewapima wapishi wanne. Zipo hesabu za kurekebisha jambo hili, ila si kila mtafiti huzitumia.

Na kipimo chenyewe? Mara nyingi huulizwa kama skrubu bado imeshika. Shangazi anauliza kama atakula mahindi.

Kuna pia swali linalorukwa: lazima pengo lizibwe? Mwaka 1981 Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alieleza kwamba watu wengi hutafuna vya kutosha hata bila baadhi ya magego ya nyuma. Jirani zetu Tanzania walilichunguza hilo, na matokeo ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba malalamiko ya kutafuna ni machache ikiwa magego madogo yapo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa bado inakutana. Huku kwetu, wazee wa Kijaluo waling'olewa meno sita ya chini ya mbele kimila, na samaki wakala. Huo si utafiti, najua.

Shangazi alirudi kwa yule daktari wa kwanza na kumuuliza: "Nikiacha hivi, itakuwaje?" Daktari akatazama tena, akamwambia gego la juu lisilo na mwenzake laweza kushuka polepole, na ya pembeni yakaegemea pengo, ila si kwa kila mtu. Wakapanga akaguliwe tena baada ya miezi sita. Kwa sasa mahindi bado yanaenda kushoto.